Nani Huandika Upesi: Mwenye Faili au Mwenye Kipande?

*Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni kabla ya somo kuanza, na wanafunzi wayasome pamoja mara mbili.*

Seva: kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine.
Diski: chombo ambacho kompyuta huandika juu yake ili maneno yasipotee umeme ukizimika.
Faili: maandishi yaliyopewa jina na kuwekwa mahali pake.
Kipande: sehemu ya diski yenye namba, isiyo na jina. Mafundi huiita bloku.
Nakala: maandishi yale yale yaliyoandikwa mahali pengine.
Hifadhi iliyotawanywa: diski nyingi, katika seva nyingi, zinazofanya kazi kama ghala moja.

Hamjambo, wanafunzi. Hamjambo ninyi wa Mutuka na ninyi nyote mnaosikiliza pande za Babati. Kaeni karibu na redio, mfungue madaftari yenu.

Leo nitaanza na gunia la mbaazi. Tuseme umevuna, umepepeta, umepeleka gunia lako barabarani. Mnunuzi amekubali bei. Anatoa simu, anabonyeza, anakuambia, "Tayari mama, nimekwisha tuma." Je, utamkabidhi gunia? Hapana. Utaitazama simu yako kwanza. Utasubiri mpaka ujumbe uingie, usome jina na kiasi. Hata kama mnunuzi ni jirani yako, utasubiri.

Umefanya vema kusubiri. Kwa maana fedha ile haikutoka mfukoni mwa mtu ikaingia mkononi mwako. Ilitoka katika mstari mmoja wa daftari ikaingia katika mstari mwingine. Daftari hilo limo ndani ya kompyuta, mbali na Mutuka. Mpaka liandikwe, hujalipwa. Basi swali la leo ni hili: kompyuta huandikaje, na kwa nini mara nyingine huandika upesi na mara nyingine huchelewa? Tutalijibu kwa kufuata historia.

Masjala na ghala

Ziko njia mbili kubwa za kuweka maandishi, nazo mnazijua tangu zamani.

Njia ya kwanza ni ya masjala. Katika ofisi za serikali palikuwa na karani wa masjala, na kazi yake ilikuwa kuyatunza mafaili. Ukitaka kuandika katika faili la shamba la mtu, huendi kabatini mwenyewe. Unamwendea karani na kumtajia jina la faili. Karani anafungua daftari lake kubwa, anaona faili liko wapi, anaandika kwamba wewe umelichukua, ndipo anakupa. Akija mtu wa pili kulitaka faili lile lile, karani atamwambia, "Ngoja, lina mtu." Namna hii watu wengi waweza kutumia mafaili yale yale bila kuharibiana kazi. Walakini kila mmoja hapana budi apite kwa karani.

Njia ya pili ni ya ghala lenye nafasi za namba. Nafasi ya 1, nafasi ya 2, nafasi ya 3, mpaka mwisho. Mtu mmoja amekodi nafasi ya 1 hadi ya 100. Yeye mwenyewe ndiye ajuaye ameweka nini katika nafasi ya 47. Mwenye ghala haulizi jina la mzigo. Anaambiwa tu, "Weka hiki katika 47," naye anaweka. Kazi yenda upesi, maana hakuna masjala ya kupitia. Walakini watu wawili wakipewa nafasi zile zile, kila mmoja akiwa na orodha yake mwenyewe, wa pili ataweka mzigo wake juu ya mzigo wa kwanza, na hakuna atakayemwonya.

Hifadhi ya mafaili ni masjala. Hifadhi ya vipande ni ghala la namba. Shikeni mfano huu, maana tutarudi kwake mara nyingi.

Mashine ya mwaka 1956

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza ya kuuzwa iliyoandika juu ya diski. Ilikuwa na sahani 50 zilizopangwa juu ya mhimili mmoja, kubwa kama sinia, na uzito wake ulikuwa kama tani moja. Ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Siku hizi simu ya mkononi ya bei ndogo huhifadhi mara elfu nyingi kuliko hivyo.

Mashine ile haikujua majina. Ilikuwa na nafasi 50,000 zenye namba, na kila nafasi ilichukua herufi 100. Ndiyo kusema, juu ya diski kipande kilitangulia faili. Mwandishi wa programu ndiye aliyepaswa kukumbuka kwamba hesabu ya mteja fulani imo katika namba fulani.

Watu walichoka kukumbuka namba. Mwaka 1965, huko Marekani, wataalamu waliokuwa wakiunda mfumo ulioitwa Multics walieleza namna ya kupanga mafaili yenye majina ndani ya makasha, na makasha ndani ya makasha makubwa zaidi. Masjala ikaingia ndani ya kompyuta.

Mwaka huo huo wa 1965 kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilipewa kazi ya mahesabu ya serikali. Walakini mambo hayakwenda vizuri siku zote. Katika miaka iliyofuata kompyuta za Hazina zilileta matatizo ya hesabu na hasara, na mwaka 1974 serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini. Katazo hilo lilikuja kulegezwa baadaye. Hapo wanafunzi tujifunze jambo moja: mashine iandikayo upesi, ila maandishi yake hayaaminiki, si msaada. Nchi nzima yaweza kuifungia mlango.

Tayari ya kweli na tayari ya uongo

Mpaka hapa kila kompyuta iliandika juu ya diski yake yenyewe. Karibu na mwaka 1985, kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilieneza njia iliyoitwa NFS. Kwa njia hiyo kompyuta nyingi za ofisi moja ziliweza kutumia mafaili ya seva moja kwa kupitia waya. Ilikuwa masjala yenye dirisha refu.

NFS ya miaka ile ilikuwa na sheria kali. Seva isiseme "tayari" mpaka maandishi yamefika juu ya diski yenyewe. Haikutosha yawe katika kumbukumbu ya muda, ile isahauyo umeme ukikatika. Sheria hiyo ilileta usalama, ila ilifanya kazi iende polepole. Kila fungu dogo la maandishi lilisubiri diski.

Mwaka 1995 yalitolewa maelezo ya toleo la tatu la NFS, na sheria ililegezwa kwa busara. Kompyuta iliruhusiwa kutuma mafungu mengi mfululizo, seva ikayapokea katika kumbukumbu ya muda, kisha mwishoni kompyuta ikasema, "Sasa thibitisha yote." Hapo ndipo seva ilipopaswa kuyaandika yote juu ya diski na kujibu. Kazi ikaenda upesi zaidi, na usalama ukabaki, mradi yule anayeandika asisahau kuomba uthibitisho.

Mnaona sasa kwamba kuna "tayari" mbili. Moja maana yake ni "nimesikia." Nyingine maana yake ni "nimeandika." Mnunuzi wa mbaazi aliposema, "Nimekwisha tuma," alisema tayari ya kwanza. Ujumbe katika simu yako ndio tayari ya pili.

Ghala linatawanywa

Seva moja ina ubaya wake. Ikiharibika, kazi yote husimama. Basi watu wakafikiri kutawanya maandishi katika seva nyingi, na kuweka nakala za kila kitu.

Mwaka 1996 mafundi wa kampuni ya Digital, huko Palo Alto, California, walieleza kazi yao iitwayo Petal. Petal ilikuwa hifadhi ya vipande iliyotawanywa: seva nyingi zilijifanya kuwa diski moja kubwa yenye namba. Mwaka uliofuata, 1997, wakaeleza Frangipani, hifadhi ya mafaili iliyojengwa juu ya Petal. Yaani masjala ilijengwa juu ya ghala. Frangipani ilihitaji jambo ambalo ghala peke yake halikulihitaji: kufuli. Kompyuta iliyotaka kuandika faili ilishika kufuli kwanza. Kompyuta mbili zikitaka kuandika faili moja, kufuli lilikwenda huku na huku, na kila safari ilikula muda.

Mwaka 2003 kampuni ya Google ilieleza hifadhi yake ya mafaili. Ilikata mafaili katika mafungu makubwa na kuweka nakala 3 za kila fungu katika seva mbalimbali. Msimamizi mmoja alijua kila fungu liko wapi. Ilifaa sana kwa maandishi makubwa yaliyoongezwa mwishoni, kama mtu aongezavyo mistari katika daftari, na haikukusudiwa hasa kwa maandishi madogo madogo ya huku na huku.

Kisha mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz, Sage Weil na wenzake walieleza mfumo uitwao Ceph. Mfumo huu watufaa sana katika somo letu, kwa sababu ghala lake la chini ni moja, lakini milango yake ni mbalimbali. Mlango mmoja ni wa mafaili, na mwingine ni wa vipande. Diski ni zile zile, na nakala ni zile zile. Kwa hiyo mtu akitaka kulinganisha njia hizi mbili kwa haki, hapa aweza.

Tulinganishe sasa

Kwanza tuone lililo sawa kwa milango yote miwili. Ikiwa nakala ni 3, ukiandika mzigo wa 100, seva kwa jumla huandika 300. Tena seva kuu ya mzigo huo haisemi "tayari" mpaka nakala nyingine zimethibitishwa. Basi mwendo wa kuandika ni mwendo wa seva iliyo ya polepole kuliko zote. Watu watatu wakienda shambani kwa kungojana, watafika kwa mwendo wa mchovu.

Sasa tuone zinapotengana.

Ukiandika kitu kimoja kikubwa, mathalan picha ndefu ya sinema, tofauti ya milango miwili huwa ndogo. Katika Ceph, kwa kawaida, faili kubwa hukatwa katika mafungu ya megabaiti 4, na diski ya vipande hukatwa vivyo hivyo. Kwa faili, unapita kwa karani mara moja, ukishapewa ruhusa unaendelea kushusha mzigo. Kinachokuzuia ni upana wa waya na nguvu ya diski.

Ukiandika vitu vidogo vingi sana, kwa mfano mafaili 10,000 ya mistari michache, hapo hifadhi ya mafaili hupata taabu. Kila faili jipya lataka jina na mahali, na karani hana budi kuliingiza katika daftari kuu. Safari ya kwa karani yaweza kuchukua muda mwingi kuliko maandishi yenyewe. Kwa mlango wa vipande, orodha ya majina inatunzwa na mwenye diski, katika kumbukumbu ya kompyuta yake mwenyewe. Yeye hukusanya mengi, kisha huyapeleka kwa pamoja. Kwa hiyo mara nyingi huandika upesi zaidi.

Ukiandika na kusahihisha mistari midogo ndani ya daftari moja kubwa, kama daftari la fedha, hifadhi ya vipande hufaa tena. Mwenye daftari ni mmoja, namba anazijua, hana haja ya kufuli la mtu mwingine. Ndiyo maana madaftari makubwa ya fedha mara nyingi huwekwa juu ya hifadhi ya vipande.

Walakini msikimbilie kusema kwamba kipande kimeshinda. Kumbukeni ghala la namba. Ikiwa waandishi ni wengi na wanataka kushiriki maandishi yale yale, kama wauguzi wa zahanati moja, vipande vitupu vitaharibika. Upesi wa kipande hutoka katika upweke wa mwenyewe. Ucheleweshaji wa faili ni bei ya kushirikiana. Mtu asikulaumu kwa kulipa bei hiyo ikiwa kweli wahitaji kushirikiana.

Umbali nao ni mzigo

Bado jambo moja, nalo latugusa sisi wa Afrika Mashariki: umbali.

M-Pesa ilianzishwa Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Kwa miaka mingi seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kisumu akimtumia fedha ndugu yake wa Nakuru, mstari wa daftari uliandikwa Ulaya. Mwaka 2015 seva hizo zilihamishiwa Kenya.

Kwa nini umbali uwe mzigo? Tupige hesabu. Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na Ulaya yalipita katika setilaiti zilizo juu kilomita kama 36,000. Kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, ni karibu nusu sekunde. Karani asubiriye jibu kabla ya kuandika mstari mwingine ataandika mistari 2 tu kwa sekunde.

Mwezi Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi, nao ulifika Dar es Salaam. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi mpaka Ujerumani ni zaidi ya kilomita 6,000. Hata waya ungenyooka kama kamba, kwenda na kurudi ni sehemu 6 za sekunde iliyogawanywa mia. Karani yule asubiriye sasa ataandika mistari kama 16 kwa sekunde. Ni afadhali, lakini seva ikiwa katika chumba kile kile, aweza kuandika mistari mia kadhaa na zaidi. Hakuna fundi awezaye kuuharakisha mwanga. Awezalo ni kupunguza safari: kuweka seva karibu, au kutuma mistari mingi katika safari moja.

Tena safari ndefu ina hatari nyingine. Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata shida kubwa ya intaneti. Siku kama hiyo, asiyehitaji kuandika ng'ambo ya bahari ana nafuu.

Jaribio la darasani

Sasa mwalimu wa darasa achague watu watano, na mmoja awe na saa.

Mara ya kwanza: msomaji asome majina 20, na mwandishi mmoja ayaandike. Baada ya kila jina aseme, "Tayari," ndipo lisomwe jingine. Andikeni muda.

Mara ya pili: waandike watu watatu, na msomaji asiendelee mpaka wote watatu wamesema, "Tayari." Andikeni muda.

Mara ya tatu: waandishi wawe wale wale watatu, lakini kabla ya kila jina mtu mmoja aende kwa karani aliyekaa mlangoni kuomba ruhusa. Andikeni muda.

Mara ya nne: mwandishi mmoja aseme, "Tayari," mara tu asikiapo jina, kabla ya kuandika. Muda utakuwa mfupi kuliko wote. Lakini msomaji amwambie ghafula, "Weka kalamu chini!" Hesabuni majina yaliyo karatasini. Mtaona pengo.

Jaribio la nne ndilo kosa la watu wengi wapimao kompyuta. Huandika jambo dogo, hupata jibu kutoka kumbukumbu ya muda, kisha hutangaza kwamba hifadhi yao yakimbia kama swala. Walichopima ni masikio ya seva. Kalamu yake hawajaipima. Apimaye kwa haki huomba uthibitisho, huandika mengi kuliko kumbukumbu iwezavyo kushika, na hupima kazi kama ile atakayoifanya kweli.

Tufunge somo

Basi nani huandika upesi? Kwa mzigo mmoja mkubwa, faili na kipande hukaribiana. Kwa mistari midogo ya mwenye daftari mmoja, kipande hutangulia. Kwa mafaili madogo mengi, masjala huchelewa. Kwa watu wengi wanaoshiriki, faili ndilo salama. Na kwa wote, haraka isiyo na uthibitisho si kuandika.

Siku nyingine ukiwa barabarani na gunia lako, na ujumbe ukachelewa kidogo, usione haya kumwambia mnunuzi asubiri. Huenda seva ya tatu bado inaandika. Gunia likae kwako mpaka imalize.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini watu wawili wasitumie nafasi zile zile za ghala, kila mmoja na orodha yake?
2. Nakala zikiwa 3, seva kwa jumla huandika kiasi gani mtu akituma mzigo wa 40?
3. Zahanati yenye wauguzi watano yataka kutunza kadi za wagonjwa. Itumie njia ipi? Toa sababu.
4. Katika kazi yako, ni wapi umesikia "tayari" iliyomaanisha "nimesikia" tu?

Kwaherini, wanafunzi. Someni vema.